Abiria wa Dirishani

Mtu wa tiketi alimtazama Mama Mapacha kama aliyekutana ana kwa ana na sauti ambayo siku zote ameisikia redioni tu.

"Wewe ndiye shemeji," alisema.

"Shemeji wa nani?"

"Wetu sote hapa. Mke wa Dereva. Tumekungoja mpaka wengine wakaanza kusema Dereva hana mke, ana hadithi tu."

Mama Mapacha alicheka kidogo, kwa adabu, akauliza mwenye hadithi yuko wapi. Akaonyeshwa miguu miwili iliyochomoza chini ya kichwa cha treni cheusi, mwisho wa uwanja.

Makumbusho yale ya treni hayakuwa na mkurugenzi wala mwajiriwa. Zamani palikuwa karakana ya reli. Reli ilipofungwa, injini ziliachwa zishike kutu, na wazee waliokuwa wakiziendesha hawakulikubali jambo hilo. Walirudi mmoja mmoja, kila mtu na spana yake kutoka nyumbani, wakaanza kukwangua. Baadaye walijiunga nao watu ambao hawakuwahi kufanya kazi relini hata siku moja, ila walikuwa na hamu nayo. Mtu wa tiketi, kwa mfano, alikuwa karani wa posta, na ile kofia ya reli aliyovaa aliishonesha mwenyewe. Jumamosi walifungua lango kwa wageni. Siku nyingine walipiga rangi, walikaza nati na kubishana.

Mama Mapacha alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Si kwamba hakualikwa. Mwaliko ulidondoka mezani kila siku kama bomba linalovuja. Leo alikuja kwa sababu alikuwa na neno la kusema, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Mumewe aliondoka chai ikiwa bado ya moto, akarudi na grisi mpaka kwenye viwiko, akala macho yamefumba. Neno lile alikuwa ameshaliambia kisogo chake, na jana aliliambia sahani yake. Akaona bora amfuate huku ambako masikio yake yako wazi.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Mdogo wake, aliyeuza vitambaa katika mji ambako reli ya zamani iliishia, alikuwa amempatia chumba cha duka, mlango kwa mlango na lake. Mdogo mtu atauza kitambaa, dada mtu atakishona. Mwenye jengo alikubali kungoja mpaka kesho asubuhi. Baada ya hapo chumba angepewa kinyozi, ambaye tayari alishafika kupima mahali pa kutundika vioo. Pikapu ya kubeba cherehani ingefika nyumbani saa kumi, na mwenye pikapu alisema wazi kwamba yeye hangoji mtu. Cherehani ilikuwa imeshaviringishwa blanketi na kuwekwa mlangoni. Asubuhi ile Baba Mapacha aliiruka akitoka. Alisahau kofia, akarudi, akairuka tena. Hakuuliza.

Basi alikusudia kulisema neno lake kwa muda wa kunywa glasi ya maji, kisha aende zake. Aliinama karibu na ile miguu.

"Baba Mapacha."

Miguu ilitulia tuli. Kisha mwili mzima ukatoka mbiombio, uso umejaa masizi, meno yote nje.

"Umekuja! Mama Mapacha, umekuja kweli!"

"Nimekuja. Nina neno."

"Neno litangoja. Kwanza uone behewa."

"Nina haraka, nakwambia."

"Haraka ya nini Jumamosi? Filimbi! Filimbi, njoo uone nani amekuja!"

Aliyeitwa Filimbi alikuwa gadi wa zamani, mrefu, mkavu, filimbi ya shaba shingoni na ufunguo mzito kiunoni. Kazi yake enzi hizo ilikuwa kufunga milango ya mabehewa na kuruhusu treni iondoke, na hakuwa tayari kuamini kwamba enzi hizo zimepita. Alimwamkia Mama Mapacha kwa kugusa ukingo wa kofia, akanyoosha kikapu.

"Simu, shemeji. Na saa ya mkononi kama unayo."

"Za nini?"

"Ndani ya lile behewa ni zamani. Vitu vya sasa haviingii. Ni sheria ya mumeo hiyo, si yangu."

Aliitia simu kikapuni. Baadaye, akiisimulia siku hiyo, alisema kosa lake lilikuwa hapo. Mwanamke mzima, ameshonea watu nguo maisha yake yote, anapokonywa simu na mtu mwenye filimbi, naye anasema asante.

Behewa lilisimama peke yake kwenye kipande cha reli karibu na tangi la maji, limepakwa rangi ya kahawia iliyong'aa mpaka ukajiona. Lilikuwa la aina ya kale sana: halikuwa na ujia ndani, kila chumba kilikuwa na mlango wake unaofungukia nje moja kwa moja. Chumba kimoja tu kilikuwa kimekamilika, cha daraja la kwanza. Baba Mapacha alikikarabati kwa mikono yake. Alipanda mbele, akamvuta mkewe kwa mkono, akaanza kumwonyesha kila kitu kama bwana harusi anayeonyesha nyumba.

"Hizi mbao ni za asili. Hivi vining'inizi vya kofia ni vya asili. Vioo vya dirisha, tazama huu mchoro: gurudumu lenye mabawa. Nembo ya reli. Vimebaki hivi viwili tu, hakuna vingine popote. Kufuli ya mlango ndiyo usiseme. Nimeitafuta mpaka soli zikaisha. Ya asili! Haina mshikio kwa ndani."

"Na abiria akitaka kushuka?"

"Abiria hashuki mpaka gadi aseme. Hiyo ndiyo ilikuwa nidhamu."

Nyuma yao filimbi ililia kwa nguvu, mlango ukabamizwa, na ufunguo ukazunguka mara moja kwa mlio mnene.

"Safari njema, shemeji!" Filimbi aliita kutoka nje, akaenda zake.

Mama Mapacha aligeuka. "Mbona amefunga?"

"Ni onyesho tu," Baba Mapacha alisema, na kwa mara ya kwanza akaonekana ana aibu kidogo. "Kila Jumamosi tunakaa wawili watatu humu, tunajifanya abiria. Wageni wanapita nje kututazama. Niliwaambia wenzangu siku ukija tutakaa mimi na wewe. Ni muda mfupi tu. Filimbi anakwenda na ile treni ndogo ya kuzungusha wageni, akirudi anafungua."

"Mwite afungue sasa."

"Ameshafika huko. Keti, mke wangu. Keti tu, utazame nje."

Aliketi, kwa kuwa chumba kilikuwa kidogo na kusimama kulimaanisha kupumuliana usoni. Kiti kilikuwa cha kitambaa cha kijani. Kidole chake kilipita chenyewe pembeni mwa kiti, kwa mazoea ya fundi, kikasimama. Mshono uliorudiwa mara mbili, na kifundo kilichofichwa upande wa ndani. Ulikuwa mshono wake. Alikumbuka mzigo wa kitambaa kile: mumewe alisema ni foronya za mito ya ofisi ya rafiki yake.

"Baba Mapacha, hizi ni foronya?"

"Niliogopa ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana."

Nje, wageni walianza kufika. Mama Mapacha alisogea dirishani akagonga kioo. Bwana mmoja aliyebeba mtoto mabegani alimtazama, akafurahi, akamwinua mtoto aone vizuri.

"Tufungulieni!" alisema Mama Mapacha. Sauti yake ilijaa chumba kizima na haikutoka nje. "Mlango umefungwa! Mwiteni mwenye ufunguo!"

Bwana alipunga mkono. Wanawake wawili walipiga makofi. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, akaelekeza kidole kwenye ubao uliosimikwa ardhini mbele ya behewa.

"Kile kibao kimeandikwa nini?"

Baba Mapacha alisafisha koo. "Kimeandikwa hivi: Abiria hawa wako zamani. Watazameni, msiwajibu."

"Nani aliandika?"

Baba Mapacha aliufuta mkono wake wa kulia kwenye suruali. Alikuwa na mwandiko mzuri, sifa hiyo alikuwa nayo tangu ujana.

Mtu wa tiketi alipita na kundi jingine. Hapo Mama Mapacha alipata matumaini; huyu alikuwa wa ndani. Alipiga kioo kwa viganja vyote viwili, akatikisa kichwa, akaonyesha mlango, akafanya ishara ya ufunguo. Mtu wa tiketi alisimama wima, akavua kofia yake ya kushonesha, akainama kwa heshima zote, kisha akawageukia wageni na kusema kitu kilichowachekesha. Wakaondoka.

"Ameigiza vizuri," Baba Mapacha alisema bila kukusudia, akajutia papo hapo.

Jua lilikuwa limehamia upande wao. Vanishi mpya ilianza kutoa harufu ile inayokaa nyuma ya koo. Madirisha hayakufunguka: mwaka jana Baba Mapacha aliyakaza kwa skrubu ili vumbi lisiingie kwenye viti, na nje yalikuwa na nondo nyembamba za asili, zilizowekwa enzi hizo ili abiria wasitoe vichwa. Mama Mapacha alivikagua vyote hivyo kimoja kimoja, taratibu, kama anayekagua gauni la mteja msumbufu. Kila alichogusa kilikuwa kimetengenezwa vizuri mno. Hakuona hata ubao mmoja uliolegea. Mumewe, ambaye nyumbani alishindwa kutengeneza mlango wa choo tangu mvua zilizopita, huku hakuacha ufa hata wa kupitisha sindano.

"Treni yenyewe iko wapi?"

Baba Mapacha aliweka shavu kwenye kioo kutazama mbali. Moshi wa treni ndogo ulikuwa juu ya miti ya mwisho wa uwanja, kwenye kona. Alitazama kwa muda. Moshi ulipanda moja kwa moja juu, haukusogea.

"Imekata pumzi," alisema. "Pampu ya maji hiyo. Niliwaambia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Filimbi hawezi kuiacha. Gadi haachi treni njiani ikiwa na abiria. Atakaa nayo mpaka ipate mvuke."

"Ufunguo mwingine uko wapi?"

"Haupo. Wa asili ulikuwa mmoja."

"Si mngechonga wa pili?"

"Walitaka kuchonga," alisema kwa unyonge. "Mimi nilikataa."

Mama Mapacha aliketi tena. Katika ndoa yake yote hakuwahi kununua saa, na sasa alijua kwa nini hilo lilimuuma ghafla: saa yake ilikuwa honi ya mumewe. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na kivuko cha reli. Baba Mapacha akikikaribia, enzi za kazi, alipiga honi mbili fupi. Maana yake: nimerudi, teleka maji. Mpaka aegeshe treni, aikabidhi, atembee hadi nyumbani, maji ya kuoga yawe yamechemka na chakula kiko mezani. Majirani walimtania: "Mwenzetu umeolewa na honi." Siku za mwanzo naye alicheka. Ila honi haikuwa na ratiba ya kuaminika. Treni ilichelewa, zamu zilibadilishwa, injini zilikwama porini. Kwa hiyo Mama Mapacha hakwenda mbali. Mdogo wake alipojifungua, alimpelekea salamu na nguo za mtoto. Mama yao alipougua alikwenda, akalala usiku mmoja, akarudi mbio. Mapacha wenyewe walizaliwa jioni ambayo honi ilipigwa mara mbili na hakuna aliyeteleka maji. Mkunga alisema alilazimika kumshika mzazi mabega asiinuke kitandani.

Reli ilipofungwa, watu walikuja kumpa pole mumewe. Yeye aliwapikia chai akijiona mwizi, kwa sababu moyoni alikuwa na furaha. Alidhani sasa mume atarudi nyumbani. Baba Mapacha alirudi kweli, akakaa akitazama ukuta, mpaka siku aliposikia kuna wazee wanafufua injini. Alitoka asubuhi, na kwa hesabu ya mkewe alikuwa hajarudi bado.

Alikuwa anayawaza hayo akitazama mbele yake bila kuona. Kisha akaona.

Kwenye kona ya dirisha, kiti cha mbele, alikaa abiria wa tatu. Alikuwa ni sanamu ya dukani, ile ya kuvalishwa nguo, imefungwa kitambaa kichwani na kuwekewa kikapu kidogo magotini. Tangu aingie hakuitazama vizuri. Mumewe alikuwa anaongea sana na wageni walikuwa wanapiga makofi. Sasa aliitazama. Ilivaa gauni la manjano lenye marinda, vifungo vyeupe kifuani, kola ndogo ya mviringo.

Gauni hilo alilitafuta sandukuni na chini ya kitanda, akaliulizia kwa mdogo wake kwa simu na kwa kila jirani aliyewahi kuazima nguo. Aliwahi kumgombeza binti yake, mmoja wa mapacha, mpaka mtoto akalia.

Alilishona mwaka wa kwanza wa ndoa. Baba Mapacha aliahidi: nitakupandisha daraja la kwanza, uende mpaka mwisho wa reli kumwona mdogo wako, ukae dirishani kama bibi mkubwa, na mimi niwe mbele naendesha. Alilimaliza, akalivaa siku moja nyumbani kulijaribu. Safari ikaahirishwa. Kisha ikaja mimba, kisha mapacha, kisha honi. Mke wa dereva wa treni hakuwahi kupanda treni.

"Hilo gauni langu linafanya nini hapo?"

Baba Mapacha alifuata macho yake, na uso wake, badala ya kuogopa, ukang'aa.

"Nilitaka ushtuke! Kila mgeni akija namwambia, huyu ni mke wangu. Nimekuweka dirishani, kama nilivyoahidi. Siku zote uko humu."

"Mimi?"

"Wewe. Wenzangu wanakuamkia kila asubuhi. Filimbi hafungui lango kabla hajaja kusema, shemeji, umeamkaje."

Alisema hivyo kwa upendo mtupu, na hilo ndilo lililomshinda Mama Mapacha. Mumewe angekuwa mwovu, yeye angejua la kumwambia. Alimtazama yule mwanamke wa plastiki, shingo imegeuzwa kidogo kuelekea nje, mikono juu ya kikapu, mdomo umefumba. Hadai chochote wala hahitaji maji ya moto.

"Huyo anakufaa," alisema polepole. "Anangoja vizuri kuliko mimi."

"Una maana gani?"

"Nilikwambia nina neno." Akamwambia. Alimwambia habari za chumba, mdogo wake, kinyozi na vioo vyake, na pikapu. Hakupandisha sauti. Alitaja cherehani iliyoko mlangoni na akamuuliza kama aliiona.

"Niliona blanketi," Baba Mapacha alisema.

"Uliliruka."

"Nilidhani ni nguo za kufua."

"Mara mbili?"

Alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, hakutazama kitu chochote cha asili. "Unaniacha, Mama Mapacha?"

"Nakwenda kushona. Wewe ndiye uliyekwenda kwanza. Saa kumi ikipita nimefungiwa humu, pikapu itaondoka na kesho kinyozi anatundika vioo vyake. Sitapata chumba kingine, na mimi si msichana. Nitoe."

"Nitakutoaje?"

"Vunja kioo. Sauti itoke, mtu asikie, amkimbilie Filimbi huko alikokwama."

Baba Mapacha alikitazama kioo. Alitazama cha kulia, akatazama cha kushoto. Alinyanyua mkono, akaushusha. Mkewe alimwona akihangaika kwa dhati, jasho likimtiririka shingoni, kama mtu aliyeambiwa achague ni mtoto wake yupi ateremshwe njiani.

"Treni itapata mvuke sasa hivi," alisema. "Tuwape muda kidogo tu."

"Baba Mapacha."

"Au tuvunje hiki cha juu, kile kidogo kisicho na nembo. Hakitatosha kupitisha sauti, lakini tukipaza wote wawili... Au nikae nikifungua skrubu. Ningekuwa na bisibisi. Bisibisi nimeiacha kule chini ya injini. Hivi vioo, Mama Mapacha, hakuna anayejua tena kuvitengeneza. Aliyevichora alikufa."

Akaendelea. Alieleza jinsi nembo ilivyochorwa kwa mchanga na upepo. Mama Mapacha hakumsikiliza tena. Alikuwa amesimama mbele ya sanamu, anafungua vifungo vyeupe, kimoja baada ya kingine, kama anavyomfungua mteja kwenye chumba cha kujaribia. Alilivua gauni taratibu asichane kwapa. Alilikung'uta, akalikunja mara nne, akalitia ndani ya mkoba wake. Sanamu ilibaki uchi, imekaa kwa heshima, kikapu magotini. Nje, wageni waliokuwa wakitazama walicheka mpaka wakashikana.

Kisha aliushika mkono wa sanamu hapo begani, akauzungusha, ukatoka. Ulikuwa mzito kuliko alivyotarajia.

"Kaa nyuma," alimwambia mumewe.

"Si hicho! Hicho ndicho chenye nembo nzima!"

Alikipiga katikati ya gurudumu. Mara ya kwanza kilitoa ufa. Mara ya pili kilimwagika chote, na upepo ukaingia, upepo wa kawaida tu wenye vumbi na moshi wa makaa, na Mama Mapacha akauvuta mpaka kifua kikamuuma.

Makofi yalikatika. Wageni walisimama vinywa wazi, wakijaribu kukumbuka kama ubao ulisema lolote kuhusu vioo.

"Nimefungiwa humu!" alisema, na safari hii sauti ilitoka. "Si mchezo! Mwenye ufunguo yuko kwenye ile treni iliyokwama. Mfuateni!"

Mtu wa tiketi alifika mbio akishikilia kofia. "Shemeji, mmetoka kwenye onyesho?"

"Sikuwahi kuingia! Kimbia!"

Akakimbia. Walimwona akikata uwanja, anaruka reli, anapotelea nyuma ya miti. Baba Mapacha alipiga magoti, akaanza kuokota vipande vya kioo na kuvipanga juu ya kiti cha kijani, bawa kwa bawa. Bawa moja lilipatikana karibu zima.

Filimbi alikuja anahema, koti wazi, ufunguo mkononi. Alikuwa ameacha treni njiani ikiwa na abiria; baadaye ilijulikana kwamba aliwakabidhi kwa mtu wa tiketi kwa kumvika filimbi. Aliona dirisha kabla hajaona watu.

"Kioo! Nani amevunja kioo?"

"Mimi," Baba Mapacha alisema kutoka sakafuni.

Filimbi alimtazama yeye, akatazama mkono wa plastiki ulioshikwa na Mama Mapacha, akatazama sanamu iliyo uchi. Alikuwa mtu wa nidhamu. Alifungua mlango na kusogea pembeni.

Mama Mapacha aliurudisha mkono magotini pa sanamu, akashuka. Simu yake ilikuwa juu kabisa katika kikapu cha Filimbi, kando ya behewa, imejaa majina ya waliompigia. Alimpigia mwenye pikapu akiwa anatembea.

"Mama, mimi nageuza gari," mwenye pikapu alisema. "Nimepiga hodi mpaka jirani akaja kunifokea."

"Usigeuze. Mwambie huyo jirani akufungulie, ana ufunguo. Mzigo uko mlangoni, pakieni. Mkimaliza nitakuwa nimefika."

"Huo uliozungushiwa blanketi? Tumeuona kutoka dirishani."

"Huohuo."

Baba Mapacha alimfuata mpaka karibu na lango, vipande viwili vya kioo bado mkononi. Alisimama hatua chache nyuma, kama mtu aliyefika mwisho wa jukwaa.

"Nitakufikiaje huko?" aliuliza. "Reli ya kule ilishang'olewa yote. Hata mataruma ya kulazia vyuma waliyachukua."

"Kuna barabara."

"Sijawahi kwenda huko kwa barabara."

"Wala mimi."

Alifikiri. "Nikishamaliza kutafuta namna ya hiki kioo..." alianza, kisha akasikia mwenyewe anachosema. Mama Mapacha alingoja kidogo aone kama sentensi itapata mwisho mwingine. Haikupata. Alimpangusa masizi shavuni kwa kidole gumba, haraka, kama anavyoondoa uzi kwenye bega la mteja, akatoka.

Alikuwa ameshavuka barabara jambo lilipotokea. Treni ndogo ilikuwa imepata mvuke, na huko kwenye kona mtu aliyekuwa akiiendesha, kwa mazoea ya shule ileile ya zamani, alipiga honi mbili fupi. Miguu ya Mama Mapacha ilisimama. Mkono wake ulikuwa tayari umenyanyuka, vidole vimejikunja kushika mpini wa sufuria. Aliutazama mkono huo kwa mshangao, akaushusha ndani ya mkoba, juu ya gauni, akaendelea.

Pikapu ilikuwa mlangoni, cherehani imefungwa kamba nyuma, imesimama wima kama mtu. Mbele mlikuwa na dereva na mbebaji mizigo wake, na nafasi ya kubana katikati yao.

"Pita katikati, mama," dereva alisema. "Huyu hukaa dirishani, ni mrefu."

"Hapana," alisema Mama Mapacha, akiushika mlango wazi. "Yeye ndiye apite katikati."